Kazi ya Mwigizaji Msaidizi: Mwongozo kwa Anayeanzia Kiandutu

Mwigizaji msaidizi ni yule anayepewa uchifu, umama mboga, ukonda, uaskari wa zamu ya usiku au ushangazi wa bwana harusi. Kila aliyesoma tamthilia kwa ajili ya mtihani wa KCSE anaijua tofauti ya mhusika mkuu na mhusika msaidizi: mkuu huibeba hadithi, msaidizi huifanya isadikike. Katika Betrayal in the City ya Francis Imbuga, Mulili, yule mwanajeshi wa Kiingereza cha kuvunjika, si shujaa wa tamthilia, lakini ndiye anayekumbukwa na watu walioisoma miaka mingi iliyopita. Kazi hii haidai sura ya kupendeza wala ujana. Hudai kuwafahamu watu kwa undani, na kuwa mtu wa kutegemewa siku ya kazi. La kwanza Kiandutu hulitoa bure. La pili lazima lijengwe, na hapo ndipo wengi wenye kipaji hukwama.

Kiandutu ni mtaa wa mabanda ulio pembeni mwa mji wa Thika, Kaunti ya Kiambu. Jina lake hufasiriwa kuwa limetokana na neno la Kikuyu ndutu, yaani funza wa miguuni. Wakazi wengi huishi kwa vibarua: viwandani Thika, kwenye mashamba ya mananasi, mijengoni Ruiru, sokoni, au kufulia watu nguo katika mitaa yenye uwezo kama Ngoingwa. Thika iko pale Ukikuyu unapopakana na Ukambani, na viwanda vyake vimevuta watu kutoka magharibi na Nyanza kwa miongo mingi. Kwa hiyo mtoto wa Kiandutu huzisikia Kikuyu, Kikamba, Kiluhya, Dholuo na Sheng kabla hajajua kuandika jina lake. Mwigizaji aliyekulia penye ua na lango la chuma hulazimika kwenda kuitafuta hazina hiyo.

Mfano mkubwa zaidi wa Kenya ni Benson Wanjau, aliyejulikana nchi nzima kama Mzee Ojwang Hatari katika Vitimbi, kipindi cha KBC. Wanjau alikuwa Mkikuyu. Yule mzee wa Kijaluo, kwa lafudhi, mwendo na hasira zake, alimjenga kwa kusikiliza. Mama Kayai, mkewe wa kwenye runinga, aliigizwa na Mary Khavere, ambaye naye si Mjaluo. Watazamaji wengi waliamini kwa miaka kwamba wanawaona watu wa Nyanza, na Wanjau alipofariki Julai 2015 wapo walioshtuka kulisikia jina lake halisi. Huo ndio ustadi wenyewe: si kuchekesha kwa kuvunja maneno, bali kumkopa mtu mzima mzima hadi watu wa kwao wamkubali.

Vioja Mahakamani, kipindi kingine cha shirika hilohilo, kinafundisha jambo la pili. Hakimu, kiongozi wa mashtaka na karani hubaki mahali pao, lakini kila wiki kesi ni mpya. Anayesimama kizimbani ana dakika chache tu za kuonyesha yeye ni nani, anatoka wapi na kwa nini anadanganya. Zoezi zuri kwa anayeanza ni kuandaa washtakiwa kumi wa kwake, kila mmoja na sauti yake, pumzi yake na namna yake ya kushika ukingo wa kizimba. Wale watatu wa kwanza huja kwa urahisi kwa sababu ni wa kuigwa kutoka runingani. Kuanzia wa nne, mwigizaji hulazimika kutoka nje na kutazama.

Kutazama kuna njia yake. Daftari dogo la shilingi chache linatosha, na mtu mmoja kwa wiki anatosha. Kinachoandikwa si alichosema bali alichofanya: mama mboga anayekata sukuma wiki bila kuutazama mkono wake, fundi wa viatu anayetazama miguu ya mteja kabla ya uso, kibarua anayehesabu ujira mara mbili na kuugawa kabisa katika mifuko tofauti kabla ya kufika nyumbani. Namna mtu anavyosubiri humweleza kuliko namna anavyozungumza. Asubuhi nje ya lango la kiwanda, watu waliosimama wakingoja kuitwa kwa kibarua wana miili inayosema nani ameshazoea kurudi nyumbani bila kazi na nani amekuja kwa mara ya kwanza. Mwigizaji aliyeliona hilo hahitaji mwelekezi kumwambia asimameje.

Kanuni moja isivunjwe: jirani asiigizwe hadi akajulikana. Mtaa ni mdogo, nyumba zimebanana, na mtu aliyejiona jukwaani akichekwa hatazungumza tena kwa uhuru mbele ya mwigizaji huyo, wala wengine hawatazungumza. Mafundi wa kazi hii huchukua mwendo wa mmoja, sauti ya mwingine na kazi ya wa tatu, wakazalisha mtu asiyekuwepo. Lafudhi nayo ishikwe kwa heshima. Kubadilishana kwa r na l katika Kiswahili cha baadhi ya Wakikuyu kumechekwa sana kwenye majukwaa ya Kenya, na mhusika asiye na kingine zaidi ya hicho ni bapa, huchosha baada ya dakika tano. Swali la kwanza liwe: mtu huyu anataka nini leo? Mwigizaji akishapata jibu, lafudhi hufuata mahali pake.

Kaunti hiihii ina historia inayoonyesha thamani ya maarifa hayo. Mwaka 1977, huko Kamirithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa viwandani waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Katika mazoezi waliwasahihisha waandishi wenyewe: mzee wa heshima fulani hazungumzi hivi, kazi ya kiwandani haiendi hivyo. Serikali iliifutia tamthilia hiyo kibali Novemba mwaka huohuo, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Kwa mwigizaji wa leo, funzo la kiufundi liko katika yale mazoezi. Aliyefanya kazi kiwandani anajua mgongo unauma wapi saa kumi jioni, na maarifa hayo yana haki ya kusikika hata mbele ya mwandishi mashuhuri. Namna ya kuyasema ni muhimu: mwigizaji humwendea mwelekezi pembeni, wakati wa mapumziko, na pendekezo moja lililokwisha kujaribiwa.

Mafunzo rasmi yapo karibu kuliko wengi wanavyodhani. Tamasha la drama la shule na vyuo, ambalo hupanda kutoka ngazi za chini hadi la kitaifa, ndilo limewatoa waigizaji wengi wa Kenya, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuanzia hapo bila gharama kubwa. Mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilicho kandokando ya barabara ya Thika, kina idara ya filamu na sanaa za maonyesho. Lakini ada za chuo ni mzigo, na ukweli ni kwamba watayarishaji wengi hawaulizi cheti. Huuliza kazi iliyoonekana.

Kwa hiyo njia inayowafaa wengi ni makundi yanayoigiza vitabu teule vya KCSE. Makundi haya huzunguka shuleni yakionyesha tamthilia na riwaya zinazotahiniwa, kama Kigogo ya Pauline Kea hapo awali na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege baadaye, na eneo la Thika na Ruiru lina shule nyingi za sekondari za kuyapokea. Ni kazi ngumu na malipo yake si makubwa. Ukumbi ni bwalo la chakula lenye paa la bati, hakuna kipaza sauti, na mvua ikinyesha mwigizaji lazima asikike hadi meza ya nyuma bila kupiga kelele. Watazamaji wanakijua kitabu. Anayeruka sentensi hushtakiwa papo hapo kwa mnong'ono wa wanafunzi mia tatu. Na kwa kuwa kundi lina watu wachache, mtu mmoja hucheza watatu: hutoka akiwa mlinzi, hubadili koti nyuma ya pazia, hurudi akiwa mzee wa kijiji.

Hakuna shule ya wahusika wasaidizi inayoishinda hii. Kubadili koti hakumdanganyi mwanafunzi wa kidato cha nne. Kinachomdanganya ni uzito wa mwili kuhama: mlinzi hutembea kwa kifua, mzee kwa magoti, karani kwa vidole. Mwigizaji aliyecheza msimu mmoja wa namna hiyo amepata sauti, kumbukumbu na wepesi ambao mwenzake wa runinga huenda asiupate kwa miaka mitano. Kabla ya kujiunga, yafaa kuuliza iwapo kundi lina idhini ya mchapishaji au mwandishi, na iwapo malipo hutolewa kwa onyesho au mwisho wa ziara. Msimu huu hufungamana na kalenda ya shule. Likizo na kipindi cha mitihani huwa hakuna kitu, na mwenye kodi ya nyumba lazima alipangie hilo mapema.

Njia nyingine ni maigizo ya uhamasishaji mtaani, yanayofadhiliwa na mashirika ya afya na maendeleo. Mengi hufuata mbinu za Augusto Boal wa Brazil, ambapo igizo husimamishwa penye utata na mtazamaji hualikwa kusema au kuingia mwenyewe. Mwigizaji hujifunza kubaki ndani ya mhusika wake huku mama wa kweli akimjibu kwa hasira za kweli. Ustadi huo hufaa sana baadaye mbele ya kamera, mambo yanapokwenda nje ya maandishi.

Jukwaa la Nairobi ni hatua tofauti. Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1952 katika barabara inayoitwa leo Harry Thuku, bado ndiyo mahali ambapo waelekezi hutazama waigizaji wapya, na makundi kama Heartstrings yamejenga hadhira ya vichekesho ya kila mwezi. Lugha za nyumbani nazo zina soko. Igiza Productions ya marehemu Wahome Mutahi ilipeleka tamthilia za Kikuyu kwenye hoteli na mabaa, na hadhira ikalipa kiingilio. Tangu 2015 Inooro TV imekuwa ikirusha vipindi kwa lugha hiyo. Kwa mtu wa Kiandutu kikwazo cha Nairobi ni barabara zaidi ya kipaji. Thika iko takriban kilomita 45 kutoka katikati ya jiji. Mazoezi ya jioni huisha usiku, nauli ya matatu za 237 hupanda mvua ikinyesha, na kutoka stendi ya Thika hadi nyumbani kuna safari nyingine gizani. Kabla ya kukubali nafasi, hesabu ifanywe ya nauli ya majuma yote ya mazoezi, si ya siku za onyesho peke yake. Aliyeipiga hesabu hiyo mapema anaweza kuomba nauli au mahali pa kulala. Aliyeipuuza huanza kuchelewa katika juma la tatu, na kuchelewa hakusahauliwi.

Runinga hulipa kwa siku au kwa kipindi, na hukimbia. Matukio kadhaa hurekodiwa kwa siku moja, maandishi hufika usiku wa kuamkia kazi, na mwelekezi hana muda wa kumtafutia mtu hisia. Hapa kutegemewa kunazidi kipaji: maneno yawe kichwani, simu imezimwa, nguo za mhusika zikumbukwe zilivaliwaje jana. Mhusika aliyeandikiwa vipindi viwili huongezewa ishirini watazamaji wakimpenda na waandalizi wakiona hana usumbufu. Hatari yake ni kufungwa ndani ya mhusika mmoja. Jina la kubuni huliua la kuzaliwa, na kipindi kinapokoma simu hukoma pia. Dawa ni kuendelea na jukwaa wakati wa neema, na kuchukua kwa makusudi nafasi ndogo isiyofanana na ile inayojulikana.

Filamu ni kinyume cha runinga: polepole, na ya kusubiri. Mwisho wa hadithi unaweza kurekodiwa siku ya kwanza, kwa hiyo mwigizaji huandika pembeni mwa skripti mhusika wake ametoka wapi na ana hali gani kila tukio linapoanza. Sauti iliyojaza bwalo la shule hapa hushushwa hadi kiwango cha kuzungumza na mtu aliye kando. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, iliyotoka mwaka 2012, ni filamu ya kutazamwa mara nyingi kwa somo hili. Joseph Wairimu alicheza mhusika mkuu, Mwas, lakini Oti wa Olwenya Maina, kiongozi wa genge, ndiye anayefundisha jinsi msaidizi anavyoweza kujaza pande zote za hadithi bila kumnyang'anya mwenzake nafasi. Kazi za kigeni zinazorekodiwa Kenya huleta malipo bora na masharti mazito zaidi. Katika Sense8 ya Netflix, Paul Ogola alipata nafasi ya Jela, mshirika wa dereva wa matatu: mtu wa aina anayekutana naye kila mkazi wa Thika.

Nafasi hizi hupatikana kwa odisheni, na sasa nyingi huombwa kwa video ya simu. Nyumba ya mabati inafaa ikitumiwa vizuri. Mlango ufunguliwe asubuhi, kabla redio za majirani hazijawashwa na jua halijapasha bati, mwigizaji asimame akiutazama ili mwanga uangukie uso. Nyuma yake itundikwe shuka moja isiyo na maua. Simu ilazwe kwa upana, juu ya mitungi iliyopangwa hadi ifikie usawa wa macho. Jina, urefu na lugha anazozungumza vitajwe kwanza. Kikamba au Dholuo safi kimewapa watu kazi ambazo Kiingereza hakingewapa. Picha za uso ziwe mbili tu, zisizopakwa vipodozi wala kurekebishwa, kwa sababu anayetafuta shangazi hataki malkia wa urembo.

Odisheni ya kweli haitozwi ada. Anayedai pesa za usajili, za sare au za kitambulisho cha seti ni tapeli. Anayeita msichana peke yake kwenye chumba cha hoteli usiku haitishi odisheni, na hakuna nafasi yoyote duniani inayostahili kufuatwa huko. Mwenye shaka aulize kibali cha kurekodi, kwa kuwa sheria ya Kenya inawataka watayarishaji wa filamu wawe na leseni, au awaulize waigizaji waliotangulia na Kenya Actors Guild.

Mkataba usomwe kabla ya kutia sahihi, na nakala irudi nyumbani. Uonyeshe idadi ya siku, malipo na tarehe ya kulipwa, usafiri wa usiku, jina litakavyoandikwa mwishoni mwa filamu, na kama picha na sauti zinaweza kutumiwa tena katika tangazo au kazi nyingine. Kipengele hicho cha mwisho kimekuwa kizito zaidi siku hizi ambapo sauti ya mtu inaweza kuigwa na kompyuta. Mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa ada za kitaalamu, kwa hiyo PIN ya KRA inahitajika na cheti cha makato kiombwe. Watumbuizaji wana haki juu ya kazi zao zilizorekodiwa, na PRISK ndicho chama kilichoundwa kukusanya mirabaha yao; asiyejisajili hana anachodai. Mchango wa bima ya afya ya SHA nao usiachwe, maana msanii hana mwajiri wa kumlipia na ugonjwa haungoji msimu. Nchini Tanzania, Amri Athumani, yule King Majuto aliyeigiza tangu utotoni, alipokuwa mgonjwa mwaka 2018 serikali iliunda kamati ya kupitia mikataba yake na ya wasanii wengine. Alifariki Agosti mwaka huo. Mikataba hiyo ilistahili kusomwa na mwanasheria siku ya kutiwa sahihi, miaka mingi kabla.

Kati ya kazi na kazi kuna miezi mitupu. Wengi huijaza kwa ushereheshaji wa harusi, matangazo ya redio, na kuingiza sauti za Kiswahili katika tamthilia za kigeni, soko lililofunguka tangu tamthilia ya Kichina ya Doudou ilipooneshwa kwa Kiswahili Tanzania mwaka 2011. Kibarua cha kiwandani si aibu, wala hakimwondoi mtu katika sanaa, humletea wahusika. Kinachohitajika ni kuchagua kibarua kinachoruhusu siku mbili za ruhusa kwa taarifa fupi, na kuweka akiba ya kodi ya miezi miwili kabla ya kuacha cha uhakika.

Umri, unaowatisha waigizaji wakuu, kwa msaidizi ni mali. Wenye mvi walio tayari kusimama mbele ya kamera siku nzima ni wachache, na kila hadithi ina babu. Oliver Litondo, aliyewahi kuwa mtangazaji, alikuwa amepita makamo alipomwigiza Kimani Maruge, mzee wa Eldoret aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, katika The First Grader ya mwaka 2010. Mwigizaji anayefikia umri huo abadilishe picha zake kila mwaka na asipake mvi rangi. Mikataba ya miaka yote, namba ya uanachama wa PRISK na vyeti vya kodi vikae katika faili moja, na mtu mmoja wa nyumbani ajue lilipo, kwa sababu vipindi hurudiwa hewani hata baada ya waliovicheza kuondoka, na anayefuatilia malipo ya marudio hayo huulizwa kwanza karatasi.